Nyerere alifundisha Kiingereza bure Tabora, misikiti yetu inangoja nini?

Kila inapofika Oktoba 14, redio, televisheni na magazeti hujaa habari za Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Tunakumbushwa TANU, Uhuru, Muungano, Azimio la Arusha na vita vya Kagera. Wapo wanaomsifu mpaka wakapitiliza, na wapo wanaomlaumu mpaka wakasahau kuwa alikuwa mwanadamu kama wanadamu wengine. Katikati ya makundi hayo mawili kuna jambo ambalo halizungumzwi sana. Kabla hajaitwa Rais, na kabla hajaitwa Baba wa Taifa, mtu huyu alikuwa mwalimu wa kazi, aliyeshika chaki na kusahihisha madaftari. Na miongoni mwa aliyowafundisha watu ni lugha ya Kiingereza.

Najua kuwa wasomaji wengi wa gazeti hili wana madai yao juu ya utawala wake, hasa kwa yale yaliyotokea mwaka 1968 ilipovunjwa EAMWS. Hayo yameandikwa sana na yataendelea kuandikwa. Leo sikuja nayo. Qur'ani katika Surat al-Maidah, aya ya 8, imetukataza tusiache uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Na uadilifu ni pamoja na kuchukua funzo lenye manufaa popote lilipo. Katika suala la lugha, maisha ya mtu huyu yana mafunzo makubwa, katika yale aliyopatia na katika yale ambayo, kwa maoni yangu, hakupatia.

Kwa nini nimelikumbuka suala hili sasa? Mimi ni mwalimu wa somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu hapa Mtumba, nje kidogo ya Dodoma mjini, katika barabara iendayo Morogoro. Hapa ndipo palipojengwa Mji wa Serikali uliozinduliwa mwaka 2019. Palipokuwa mashamba ya mtama na uwele, leo pana majengo ya wizara. Wageni wamekuja, viwanja vimepanda bei, na kuanzia hapa mpaka Ihumwa kila mzazi anazungumzia shule za mchepuo wa Kiingereza. Swali ninaloulizwa na wazazi wa Kiislamu mara nyingi kuliko swali la twahara au la mirathi ni hili: Ustaadh, huyu mtoto nimpeleke shule ya Kiingereza au nimwache kwenye Kiswahili? Wengine wameshamtoa mtoto madrasa ili apate muda wa tuisheni. Wengine wamekataza Kiswahili ndani ya nyumba, ilhali baba na mama wenyewe Kiingereza kinawapiga chenga. Wengine wamekata tamaa kabisa, wanaona Kiingereza ni cha watoto wa wakubwa tu.

Basi tumtazame mtoto mmoja wa kijijini aliyekipata Kiingereza hasa, tuone alikipataje.

Kambarage alizaliwa Aprili 13, 1922 Butiama, mashariki ya Ziwa Victoria. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki, na mama yake, Mgaya, alikuwa mmoja kati ya wake wengi wa mtemi huyo. Pamoja na kuwa mtoto wa mtemi, utoto wake ulikuwa wa kuchunga mbuzi kama watoto wenzake. Lugha yake ilikuwa Kizanaki. Mpaka umri wa kiasi cha miaka kumi na miwili hakuwa amekaa darasani.

Mwaka 1934 akapelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa mbali kutoka kwao. Huko alikuta masomo yanafundishwa kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwa akiijua. Kwa hiyo Kiswahili, ambacho baadaye alikuja kukisemea kwa ufasaha uliowashangaza hata watu wa pwani, kwake kilikuwa lugha ya kujifunza. Alikijifunza kwa walimu, kwa wenzake wa bweni na kwa mahitaji ya kila siku. Alikuwa mtoto mkubwa mwenye lugha yake iliyokomaa kichwani, akaiongeza ya pili juu yake. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu, na katika mtihani akawa mbele ya wenzake.

Mwaka 1937 akaingia shule ya serikali ya Tabora. Shule hii ilifunguliwa mwaka 1925, na Waingereza waliikusudia kwa watoto wa watemi na machifu, wakaiiga mifano ya shule za bweni za kwao. Hapo ndipo Kiingereza alipokipata hasa. Tuzingatie hali ilivyokuwa. Wanafunzi walikuwa wachache waliochujwa nchi nzima. Baadhi ya walimu Kiingereza kilikuwa lugha yao ya kuzaliwa. Vitabu vilikuwepo. Mijadala ilikuwepo. Mwanafunzi alikuwa bwenini usiku na mchana. Zaidi ya yote, aliyeingia pale alikuwa amekwisha kujua kusoma, kuandika na kufikiri kwa lugha anayoielewa.

Kutoka Tabora alikwenda Makerere, Uganda, mwaka 1943, kusomea ualimu. Makerere ilikuwa ndiyo chuo cha elimu ya juu cha kutegemewa katika Afrika Mashariki nzima. Huko alisoma maandishi ya mwanafalsafa wa Kiingereza John Stuart Mill, kisha akaandika insha juu ya hali ya wanawake iliyomletea ushindi katika mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki. Mtoto aliyefika Mwisenge bila kujua Kiswahili, baada ya miaka kumi alikuwa anashinda watu kwa kuandika Kiingereza. Wala hakuanza Kiingereza akiwa na miaka mitatu! Hili wazazi wenzangu wa Mtumba walitie akilini.

Alipomaliza Makerere mwaka 1945 alirudi Tabora, safari hii akiwa mwalimu. Alifundisha katika shule ya St. Mary's, shule ya Wamisionari wa Kikatoliki. Lakini nje ya saa za shule alifanya jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Aliwafundisha Kiingereza watu wazima wa mji, bila ya malipo.

Tujiulize, Tabora ya miaka ile ilikuwa mji gani? Ulikuwa mji mkongwe wa misafara, mji uliojaa Waislamu, wenye misikiti na vyuo vya Qur'ani tangu karne ya 19. Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na ya barazani. Lakini ofisi ya mkoloni, barua zake na sheria zake zilikuwa kwa Kiingereza. Mtu mzima mwenye akili timamu, mwenye biashara au mwenye kazi ya reli, alikuwa anaweza kupelekewa karatasi inayomhusu yeye mwenyewe, naye akawa hana njia ila kumtafuta kijana wa kumsomea. Mtu wa aina hiyo hakutaka cheti wala hakutaka kujifanya Mzungu. Alichohitaji ni kuelewa kinachosemwa juu yake. Kijana mwenye diploma ya Makerere angeweza kuwatoza fedha watu hao, au kutumia jioni zake kwa mapumziko. Yeye alichagua kukaa nao na kuwafundisha.

Kwa wale wanaodhani kuwa kufundisha lugha ya kigeni ni kazi ya kuchuma fedha tu, hilo ni funzo la kwanza.

Mwaka 1949 alikwenda Uskochi, Chuo Kikuu cha Edinburgh, akasoma uchumi, historia, sheria ya katiba na falsafa. Mwaka 1952 alirudi na shahada ya M.A., akiwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kabisa wa Tanganyika kufikia daraja hilo. Mwaka uliofuata alimwoa Maria Gabriel na akawa mwalimu katika shule ya St. Francis, Pugu, nje ya Dar es Salaam.

Hapo sasa alikuwa na Kiingereza cha Edinburgh. Je, kilimtosha? Hakikumtosha. Wasomaji wa gazeti hili wanaijua vyema historia ya Dar es Salaam ya miaka ile. Kijana huyu alipokewa na akina Abdulwahid Sykes, akakaa na wazee wa mjini, akina Sheikh Suleiman Takadir na Sheikh Hassan bin Ameir, akapanda jukwaani pamoja na Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1953 akachaguliwa rais wa TAA, na Julai 7, 1954 ikazaliwa TANU. Katika mikutano ya Mnazi Mmoja hakuna aliyemsikiliza kwa sababu ya Kiingereza chake. Watu walimsikiliza kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho kilikuwa kikinolewa kila siku kwa kukaa na wenyewe. Lakini Machi 1955 aliposimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, alihitaji Kiingereza, na Kiingereza kilikuwepo. Kila lugha ilifanya kazi yake mahali pake. Hakuna iliyomla mwenzake.

Aliporudi kutoka New York ilimbidi achague kati ya ualimu na siasa. Akajiuzulu Pugu. Na katika mwaka huohuo, akiwa hana mshahara, alirudi kwao na kwa miezi kadhaa akafanya kazi ya kumfundisha Kizanaki padri wa Kimarekani wa shirika la Maryknoll. Mtu aliyetoka kuwahutubia wakubwa wa dunia kwa Kiingereza akakaa na Mmarekani, akamfundisha lugha ya kijiji cha Butiama. Hakuona haya kwa lugha ya mama yake. Leo sisi tuna mtoto wa Kigogo anayecheka Kigogo cha bibi yake, na mzazi anafurahi kuwa mtoto amestaarabika!

Uhuru ukapatikana Desemba 9, 1961, na mwaka mmoja baadaye akawa Rais wa Jamhuri. Mwaka 1963, pamoja na shughuli zote za Ikulu, ilitoka tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, Juliasi Kaizari, aliyoipitia tena na kuitoa upya mwaka 1969. Mwaka huohuo wa 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Watu wengi huziona tafsiri hizi kuwa mchezo wa msomi aliyekosa la kufanya. Mimi naziona kuwa somo la lugha. Ni kama anasema kuwa Kiingereza kilicho bora kabisa kinaweza kuingia ndani ya Kiswahili, na Kiswahili kisipasuke. Mwanafunzi wa kweli wa lugha ya kigeni ndivyo anavyopaswa kuwa. Anakwenda ng'ambo na anarudi na kitu mkononi kwa ajili ya watu wa kwao.

Mwaka 1967 ndio uliokuwa mwaka wa maamuzi. Mwezi Januari, Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kuwa shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwezi Machi ikatoka Elimu ya Kujitegemea. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, likaundwa kwa sheria. Na shule za msingi, ambazo madarasa yake ya juu yalikuwa yakifundishwa kwa Kiingereza, zikageuzwa zifundishe kwa Kiswahili mpaka darasa la saba. Kwa uamuzi huo mtoto wa mkulima wa Kondoa na wa Bahi aliweza kuelewa sayansi na hesabu kwa lugha anayoijua. Katika hili Mwalimu anastahiki kushukuriwa, na mwenye kukataa ana jambo lake.

Mpango ulikuwa sekondari nazo zifuate. Mpango wa Pili wa Maendeleo, ulioanza mwaka 1969, uliligusa jambo hilo. Somo la siasa likafundishwa kwa Kiswahili. Kisha mwaka 1980 Mwalimu akaunda Tume ya Elimu chini ya Jackson Makweta. Tume ikatoa ripoti yake mwaka 1982, ikashauri kuwa kuanzia mwaka 1985 kidato cha kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili, kisha hatua kwa hatua mpaka vyuo vikuu, na wakati huohuo Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo. Nchi ikangoja. Mwaka 1983 serikali ikatangaza kuwa badiliko hilo halitafanyika.

Hapa ndipo maisha ya mtu huyu yanapotuwekea fumbo. Mtu aliyekipandisha Kiswahili kutoka sokoni mpaka Ikulu, ndiye ambaye serikali yake iliuzuia mlango wa sekondari. Mwaka 1984 alieleza msimamo wake. Alikifananisha Kiingereza na Kiswahili cha dunia, akaona kuwa kukikataa ni upumbavu na wala si uzalendo, na akahofia kuwa kikibaki somo la kawaida tu kitakufa. Kwa hiyo kiendelee kuwa lugha ya kufundishia sekondari na vyuoni ili kisife.

Hofu yake ilikuwa ya kweli. Lakini dawa ilikuwa sahihi? Mwaka huohuo wa 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wa Tanzania kuanzia shule za msingi mpaka chuo kikuu. Walikuta kuwa katika wanafunzi wa kidato cha nne, kiasi cha asilimia 10 tu ndio waliofikia kiwango ambacho mtu angeweza kuanza kufundishwa kwa Kiingereza. Zingatia neno kuanza. Hawa ni vijana waliokwisha kukaa miaka minne wakifundishwa kwa lugha hiyo. Hata chuo kikuu, waliokuwa na uwezo wa kusoma vitabu walivyotakiwa kuvisoma hawakufika asilimia 20. Ajabu ni kwamba pamoja na matokeo hayo wataalamu hao walishauri Kiingereza kibaki, na mwaka 1987 Uingereza ikaleta mradi wa kusaidia ufundishaji wake, pamoja na vitabu vyepesi vya kusoma kwa ajili ya shule za sekondari. Vitabu vilisaidia waliovipata. Ugonjwa haukupona.

Mwalimu alikosea wapi? Maoni yangu ni haya. Alijipima kwa kipimo chake mwenyewe. Yeye alifundishwa kwa Kiingereza Tabora na akakijua, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuamini kuwa kufundishwa kwa Kiingereza ndiko kunakoleta Kiingereza. Lakini kilicholeta Kiingereza Tabora ni walimu wanaokijua, vitabu vya kutosha, darasa dogo na mwanafunzi aliyekwisha kukomaa katika lugha nyingine. Ukiviondoa vyote hivyo, ukabakisha amri tu ya kuwa somo lifundishwe kwa Kiingereza, umebakisha ganda. Tangu mwaka 1977, elimu ya msingi ilipofanywa ya wote, watoto waliongezeka mno kuliko walimu na vitabu. Hayo yalikuwa mafanikio, lakini hayakuwa mazingira ya Tabora ya mwaka 1937.

Na lile ganda bado tunalo. Sekondari zetu, za serikali na za Kiislamu, zinafundisha kwa Kiingereza mpaka leo. Mwalimu yeyote mkweli atakwambia linalotokea. Mwalimu anaandika ubaoni kwa Kiingereza, anaeleza kwa Kiswahili, na mwanafunzi anakariri yaliyoandikwa ili akayamwage kwenye mtihani. Msichana aliyekuwa anainua mkono kila swali darasa la saba, akifika kidato cha kwanza ananyamaza. Akili haikumtoka wakati wa likizo! Ametolewa ulimi. Sisi tunaofundisha dini tunajua kuwa mwenye kusoma Qur'ani hata kama haelewi maana yake ana thawabu kwa kila herufi. Lakini mwenye kukariri Kemia bila ya kuelewa hana thawabu wala maksi.

Mwalimu aliondoka Ikulu mwaka 1985 na uenyekiti wa CCM mwaka 1990. Uzeeni alirudi kwenye kazi ya lugha. Aliziweka Injili katika tenzi za Kiswahili zilizochapishwa mwaka 1996. Sisi hatukubaliani naye katika aqida, na hilo halihitaji maelezo. Lakini tazama chombo alichokitumia. Utenzi ni chombo kilichochongwa na wanazuoni wa Kiislamu wa pwani, Pate na Lamu na Mombasa, kwa karne nyingi, kwa ajili ya sira ya Mtume (s.a.w.) na mawaidha. Mkatoliki kutoka Butiama alijifunza chombo chetu mpaka akakimudu. Watoto wetu wangapi wanaweza kutunga beti nne tu? Alifariki London Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama, pale alipoanzia na Kizanaki chake.

Ndugu msomaji, kujifunza lugha za wengine si jambo geni katika Uislamu. Mtume (s.a.w.) alimwamuru kijana Zaid bin Thabit ajifunze lugha na maandishi ya Mayahudi ili Waislamu wasitegemee wakalimani wasiowaamini katika barua zao. Zaid alijifunza kwa muda mfupi mno, kiasi cha nusu mwezi. Kujifunza huko hakukumharibia Kiarabu chake wala dini yake. Huyuhuyu Zaid ndiye aliyepewa kazi nzito ya kuikusanya Qur'ani. Na pia tumefundishwa katika Surat Ibrahim, aya ya 4, kuwa kila Mtume alipelekwa kwa lugha ya watu wake ili awabainishie. Hapa tuna mambo mawili yasiyogongana. Lugha ya kigeni hujifunzwa kwa haja inayojulikana, na elimu hubainishwa kwa lugha inayoeleweka.

Kwa hiyo namjibu yule mzazi aniulizaye, na namjibu kwa maisha ya Kambarage. Usiogope kumfundisha mwanao Kiswahili sawasawa, na kama una Kigogo au Kirangi, mpe nacho. Msingi wa lugha moja iliyokomaa ndio unaobeba ya pili na ya tatu. Ukitaka kumpeleka shule ya mchepuo wa Kiingereza, usidanganywe na sare wala basi la njano. Waulize waalimu wanakijua Kiingereza kwa kiasi gani. Uliza kama kuna vitabu vya hadithi vya kusoma na kama watoto huruhusiwa kuzungumza darasani, au wanaitikia kwa pamoja tu kama kwaya. Shule ambayo mtoto hachapwi kwa kusema Kiswahili, lakini anasoma kitabu kimoja chepesi cha Kiingereza kila wiki, ni bora kuliko ile iliyoandika ukutani kuwa hapa ni Kiingereza tu. Na usimtoe madrasa. Saa moja ya madrasa haijapata kumnyima mtoto Kiingereza.

Wenye shule za Kiislamu nao wana lao. Mtoto anayetoka shule ya msingi ya Kiswahili asitupwe kwenye Fizikia ya Kiingereza siku ya kwanza. Sheria ya kubadilisha lugha ya kufundishia haiko mikononi mwetu, lakini kumpa mtoto miezi ya mwanzo ya Kiingereza hasa, kwa mwalimu bora kuliko wote waliopo shuleni, liko mikononi mwetu. Desturi ya kumpa kidato cha kwanza mwalimu dhaifu na kidato cha nne mwalimu hodari, kwa sababu ya mtihani, ni kujenga nyumba kwa kuanzia paa.

Mwisho nasema na misikiti. Hapa Mtumba, na katika miji yote inayokua nchini, kuna Waislamu watu wazima wanaohitaji Kiingereza kama walivyokihitaji wale wa Tabora. Kuna fundi anayepewa mkataba asioweza kuusoma. Kuna mama mwenye mgahawa anayetaka kuomba zabuni ya kulisha ofisi. Kuna kijana wa bodaboda anayepakia wageni kila siku. Kuna mlinzi wa getini aliyeshindwa mtihani wa kidato cha nne kwa sababu ya lugha hiyohiyo. Hawa hawana ada ya kulipa vyuo vya mjini.

Tuna nini sisi? Tuna madarasa ya madrasa yanayokaa kiza tangu Magharibi mpaka Isha. Tuna waumini ambao ni walimu wa sekondari, maofisa wa wizara, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Ubao upo na umeme upo. Tukianza na siku tatu kwa wiki, saa moja kila siku, wanaume upande wao na wanawake upande wao kwa mwalimu wao, tutakuwa tumefanya jambo kubwa. Wala tusianze na sarufi ya kutisha. Tuanze na karatasi alizonazo mwanafunzi mfukoni: risiti, fomu ya benki, mkataba, tangazo la kazi. Tumweleze kwa Kiswahili asichokielewa, tumwache akiseme kwa Kiingereza mpaka kikae mdomoni.

Kijana mmoja asiye Mwislamu aliwahi kuzitoa jioni zake katika mji wa Waislamu wa Tabora, akafundisha bila ya kudai senti. Hatuhitaji kukubaliana naye katika mengine yote ndipo tulifanye hili. Imamu akilitangaza baada ya sala ya Ijumaa, na waalimu watano wakajitolea, darasa linaweza kuanza Jumatatu.

Wabillahi tawfiq.